Kiharusi "sababu haijulikani": nimetoka wodini na karatasi, sasa nifanyeje? (Kisumu)

FundiWaKibuye · #1 · Jumatano, saa 2:40 usiku

Hamjambo wanajukwaa. Mimi ni fundi cherehani, kibanda changu kiko Kibuye hapa Kisumu, umri miaka 39. Sigara sijawahi, pombe niliacha mwaka aliozaliwa kifungua mimba wangu, na sasa yuko kidato cha tatu. Yeye ndiye anayechapa haya, mimi namtajia polepole. Mtaelewa kwa nini.

Wiki ya kwanza ya Januari kila fundi anaijua: sare za shule. Nilikuwa nakata kaptula za kijivu, kitambaa nimekikunja mara nne nikate zote kwa mpigo mmoja. Mkasi ukaanguka. Nikauokota kwa kushoto, nikaurudisha mkono wa kulia, ukaanguka tena. Sikusikia maumivu. Hilo ndilo watu hawaliamini. Mkono ulikaa tu juu ya meza kama wa mtu mwingine aliyeusahau pale.

Mteja alikuwa kwenye benchi akisubiri sketi ya binti yake. Nikataka kumwambia "ngoja kidogo, mama." Kilichotoka kinywani sikukijua hata mimi. Akacheka, akaniuliza nimeonja nini asubuhi yote hiyo. Halafu akanitazama mdomo, akanyamaza.

Tulipanda boda watatu, mimi katikati, jirani yangu muuza vitenge nyuma akinishikilia. Hospitali ya kwanza wakapima presha, wakasema imepanda kidogo, wakanipa kitanda nisubiri. Mashine yao ya skani ilikuwa imeharibika. Mkasi ulianguka saa tatu asubuhi. Skani niliipata mahali pengine saa tisa na nusu alasiri. Wakasema si damu iliyovuja, ni mshipa ulioziba, upande wa kushoto wa ubongo, na dawa ya kuyeyusha donge muda wake umepita.

Nililala wodini siku tisa. Sukari wakapima, sawa. Mafuta ya damu, sawa. Umeme wa moyo, ule wa kubandikwa nyaya kifuani kwa dakika moja, sawa. Presha ikashuka yenyewe na haijapanda tena. Siku ya kutoka nikapewa karatasi. Binti akanisomea: kiharusi cha mshipa kuziba, sababu haijulikani. Aspirini, dawa ya kolesteroli, urudi baada ya mwezi.

Nyumbani sababu inajulikana na kila mtu isipokuwa mimi. Mjomba anasema ni kile kibanda, kwa kuwa nilikichukua baada ya mwenzangu kufariki na ndugu zake hawakuridhika. Mama mkwe ana neno lake, chira, yaani laana ya kuvunja mwiko, analisema akiwa amegeukia ukutani. Mke wangu hasemi kitu, ila ameacha kutia chumvi kwenye mboga. Omena sasa tunaila kama dawa.

Mkono unafunga lakini hauna nguvu. Maneno yanapotea. Nikitaka kusema "sindano" inatoka "sufuria". (Hapa baba amesema mengine, siyaandiki. Binti.)

Ninachouliza: mtu anapigwaje namna hii bila sababu? Na kama sababu haipo, nitajuaje kwamba haitarudi kesho?

Mulembe77 · #2

Pole sana ndugu. Niko Kakamega. Shemeji yangu alipatwa vivyo hivyo, kijana wa miaka 30 na kitu, madaktari wakamzungusha miezi. Hospitali ikikwambia "haijulikani", imekuambia kwa adabu utafute kwingine. Sisemi zaidi.

NesiWaZamu · #3

Mulembe77 nakusalimu, lakini hapana. Hilo neno halina maana hiyo.

Fundi, pole. Kwanza: aspirini usiikose hata siku moja mpaka daktari wako akwambie vingine. Nimepokea wagonjwa waliorudi kwa mara ya pili kwa sababu mtu alimwambia "damu yako sasa ni nyepesi, pumzisha tumbo."

Pili, nikuulize. Eko ya moyo, yaani ultrasound ya moyo, ulifanyiwa? Mishipa ya shingo ilipigwa ultrasound? Ulivaa holta? Damu ilipimwa VVU na kaswende? Haya mawili ya mwisho usiyajibu hapa, yajibu mbele ya daktari wako. Ila yapimwe. Vyote viwili huharibu mishipa ya ubongo kwa watu wa umri wako, na vyote vina dawa.

FundiWaKibuye · #4

Eko hapana. Shingo hapana. Yale mawili walipima, hayana neno. Binti anauliza holta ni nini.

NesiWaZamu · #5

Ni kimashine kidogo unachovaa kiunoni au shingoni, nyaya zimebandikwa kifuani, kinarekodi mapigo ya moyo saa 24 au 48 au zaidi ukiwa unaendelea na shughuli zako. Huogi siku hizo, ndio ubaya wake.

MitishambaHalisi · #6

[Ujumbe umeondolewa na msimamizi. Hapa si mahali pa kuuzia dawa, na namba za simu za biashara haziruhusiwi.]

SopranoWaFreeArea · #7

Nimeingia kwa ajili ya uzi huu peke yake, nimekuwa msomaji wa kimya miaka mingi.

Niko Nakuru. Mimi nilipigwa nikiwa na miaka 34, kanisani, mazoezi ya kwaya. Sauti ilitoka kwa wengine wote, yangu ikabaki. Waliokuwa karibu walidhani nimeguswa na Roho. Walinizunguka wakiomba, na mimi nawaona, nawasikia, siwezi kuwaambia nipelekeni hospitali. Nawapenda mpaka leo, lakini ile saa moja siisahau.

Karatasi yangu nayo ilisema haijulikani. Nikakaa nayo miezi saba. Nikahesabu dhambi zangu zote. Mimi na mume wangu tulikuwa hatuelewani wakati ule, na mama yake akasema nimejitakia kwa hasira. Sasa nikaenda kliniki kwa kikohozi tu, kikohozi! Daktari mmoja mwanamke akaweka kile kifaa chake kifuani pangu, akakaa nacho muda mrefu, akaniuliza, "Ulipokuwa mdogo ulisumbuliwa na koo? Viungo vilikuwa vikivimba, leo goti, kesho kifundo?" Nikasema ndiyo, darasa la tano nilikosa muhula mzima, bibi alinikanda kwa maji ya chumvi.

Eko ikaonyesha mlango mmoja wa moyo umekakamaa na umebanwa. Ni ugonjwa wa moyo unaoanzia kwenye koo la utotoni lisilotibiwa. Damu inakwama nyuma ya mlango, inaganda, kipande kinatoka kinapanda kichwani. Sababu ilikuwepo kifuani tangu darasa la tano. Ilikuwa haijulikani kwa sababu hakuna aliyeangalia.

Sasa natumia wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, napimwa damu kila mwezi. Na wanaosema uache sukuma wiki ukianza wafarini wanadanganya. Unaila, ila iwe kiasi kilekile kila wiki, usifunge mwezi mzima halafu ukala managu sufuria nzima.

Fundi, tafuta eko.

Mulembe77 · #8

Mama, pole. Lakini huyo wa kwako alipatikana. Je, yule ambaye watamwangalia kila mahali na wasione kitu? Huyo mtamwambiaje?

Tabibu_Kijana · #9

Nasomea magonjwa ya watu wazima, niko Eldoret. Nimeusoma uzi nikiwa zamu, mnisamehe nikirukaruka.

Mulembe77 umeuliza swali zuri kuliko unavyodhani, nitalifikia.

Mwaka 1993 Marekani walitoa mpangilio wa kugawa viharusi vya mshipa kuziba, unaitwa TOAST, na bado tunautumia. Una mafungu matano. Mishipa mikubwa, hasa ya shingo, iliyojaa utando wa mafuta. Donge kutoka moyoni. Vimishipa vyembamba ndani ya ubongo wenyewe, na hawa kwa kawaida ni watu wa presha na sukari. Sababu nyingine zilizoonekana, kama mshipa wa shingo kuchanika kwa ndani, selimundu, magonjwa ya damu kuganda ovyo. La tano ndilo la Fundi: haikujulikana.

Shida iko ndani ya hilo la tano. Wametiwa humo watu watatu wasiofanana. Yuko aliyetafutiwa kila mahali na hakikuonekana kitu. Yuko aliyeonekana na sababu mbili zinazogombania, ikashindikana kuchagua. Na yuko ambaye hakutafutiwa vya kutosha. Wote wanaandikiwa neno moja. Soprano alikuwa yule wa mwisho. Fundi, kwa maelezo yako, na wewe uko hapo. "Haijulikani" yako bado haijafikia kuitwa hivyo.

Duniani, karibu robo ya viharusi vya kuziba huishia kwenye fungu hili hata penye mashine zote. Kwa hiyo si Kisumu tu, na si uzembe wakati wote.

Sasa holta. Moyo ukipapatika, vyumba vya juu havikamui damu, vinatetemeka tu. Damu ikituama hufanya kama uji uliosahauliwa, inaganda pembeni. Donge likitoka, njia ya kupanda kichwani ni nyepesi. Ubaya wa mpapatiko ni kwamba kwa wengine unakuja saa mbili usiku, unaondoka, unarudi baada ya wiki tatu. Ukimpima mtu kwa dakika moja asubuhi ni sawa na askari anayepita stoo Jumatatu moja na kuandika kwamba hakuna mwizi Kisumu.

Mwaka 2014 ulitoka utafiti unaoitwa CRYSTAL AF, wagonjwa 441 wa kiharusi kisichojulikana sababu. Nusu waliwekewa kidude chini ya ngozi ya kifua kinachosikiliza moyo mwaka mzima na zaidi, nusu wakafuatiliwa kwa njia ya kawaida. Baada ya mwaka mpapatiko ulionekana kwa asilimia 12.4 ya wale wenye kidude, na asilimia 2 ya wengine. Kidude kile huku kwetu ni cha wachache, najua. Lakini holta ya siku kadhaa ni bora kuliko dakika moja, na kujishika mapigo kwenye kifundo cha mkono kila asubuhi ni bure. Fundi, mfundishe binti yako. Yakienda bila mpangilio, mfululizo unaobadilika kama mvua ya kwanza juu ya mabati, aandike saa na tarehe mwende kliniki.

Sasa swali la Mulembe77. Hata hapo kwenye CRYSTAL AF, zaidi ya watu 80 katika 100 mwaka uliisha bila mpapatiko kuonekana. Hao nawaambia kwamba donge lilikuwepo, skani imeonyesha alama yake, njia liliyopitia ndiyo hatukuiona. Mwizi aliyetoka kabla hujawasha taa si jini.

Mulembe77 · #10

Haya. Hiyo ya mwizi nimeipokea. Hiyo ya jini nimeiacha.

ZiwaKusini · #11

Salamu kutoka Mwanza, ng'ambo ya ziwa lenu. Huku tunasema upepo mbaya, ni yaleyale.

Swali kwa Tabibu. Kaka yangu naye aliambiwa haijulikani. Alitoka hospitali na dawa mbili, aspirini na klopidogreli, baada ya wiki tatu wakamwondolea moja. Akajua dawa zimeisha kwenye stoo yao. Akaenda duka la dawa akanunua zile kali za kuzuia damu kuganda, za wenye mpapatiko, anasema afadhali kinga kubwa. Si kweli kwamba kama hujui donge linatoka wapi, bora uzuie yote?

Tabibu_Kijana · #12

Aache leo, arudi kwa daktari wake na maboksi yote mkononi. Asiache aspirini, aache kujiandikia.

Alichofikiri kaka yako ndicho walichofikiri mabingwa wa dunia, kwa hiyo usimcheke. Mwaka 2014 walipendekeza kwamba wengi wa hawa wenye kiharusi kisichojulikana wana donge lililosafiri kutoka mahali, basi wapewe zile dawa kali. Wakajaribu. Utafiti wa NAVIGATE ESUS, wagonjwa 7,213, nusu wakapewa rivaroksabani, nusu aspirini. Matokeo yakatoka 2018: viharusi vya kurudia vilikuwa sawa pande zote mbili, lakini kuvuja damu vibaya kulikuwa zaidi ya maradufu kwa waliopewa ile kali. Utafiti ukasimamishwa kabla ya wakati wake. Mwaka uliofuata yakatoka majibu ya dabigatrani, kali nyingine, nayo haikuishinda aspirini. Wakachagua wale ambao moyo wao una dalili za kuchoka chumba cha juu, wakajaribu apiksabani, majibu ya 2024 yakawa hayo hayo.

Sababu ikijulikana dawa inachaguliwa kwa sababu hiyo. Soprano kwa mfano, mlango wa moyo wake umebanwa na koo la utotoni, huyo wafarini ya zamani ndiyo iliyomfaa kuliko rivaroksabani mpya, utafiti wa 2022 wa wagonjwa wa aina hiyo wenye mpapatiko pia ulionyesha hivyo na wengi walishangaa. Ndiyo maana tunakazana kutafuta.

Na zile wiki tatu si stoo. Kwa kiharusi kidogo dawa mbili pamoja zinasaidia siku za mwanzo, hatari ya kurudia ikiwa kubwa. Ukizidisha muda, faida inabaki palepale, kuvuja damu kunaongezeka. Walipaswa kumweleza tu.

ZiwaKusini · #13

Nimempigia. Amenitukana kidogo halafu amekubali.

MamaWaSiaya · #14

Naomba niseme la upande mwingine.

Mwanangu ana selimundu. Alipigwa na kiharusi akiwa na miaka saba, asubuhi anavaa soksi, mguu ukakataa. Sababu ilijulikana siku ileile. Daktari alinichorea kwenye bahasha: chembe za damu zimepinda kama mundu, zinakwaruza mshipa mkubwa wa ubongo mpaka unabanwa. Kila kitu kikaeleweka.

Mnadhani lawama ziliisha? Nyumbani wakasema basi ni damu ya kwetu. Nikawaambia mtoto hupata selimundu kwa kurithi pande zote mbili, baba na mama. Baba yake akatoka nje, akarudi jioni ya siku ya pili. Kwa hiyo nyinyi mnaolilia sababu, ni haki yenu, itafuteni, ni kwa ajili ya dawa. Lakini msiitegemee iwanyamazishe watu.

Na wazazi wa huku kando ya ziwa wenye watoto wa selimundu, ulizeni kile kipimo cha ultrasound ya mishipa ya kichwa. Kinaonyesha mshipa uliobanwa kabla mtoto hajaanguka. Wangu nilikisikia baada. Sasa anameza haidroksiyurea kila siku na anapanda mwembe bila ruhusa.

FundiWaKibuye · #15 · wiki tano baadaye

Samahani kwa kimya. Nimesoma yote, nimesomewa yote, mara mbili. Mama wa Siaya, maneno yako mke wangu aliyasikia. Aliondoka akaenda jikoni. Siku ile mboga ilikuwa na chumvi, kidogo.

Nilifanya eko. Milango ya moyo ni mizima. Shingo nzima. Holta wamenivalisha siku saba, jasho la Kisumu mnalijua, binti alikuwa akinifuta kwa kitambaa kuzunguka zile nyaya kama anaosha redio. Hakuna mpapatiko. Sasa daktari wa kliniki anasema kuna kipimo cha kupiga mapovu mshipani. Nimeogopa. Mapovu kwenye damu?

Usiku ndio mbaya. Mchana nina mazoezi ya mkono, natoboa unga wa chapati kwa vidole kama alivyonifundisha mtaalamu wa viungo, nafunga na kufungua vifungo vya shati la zamani. Usiku nalala nikiuinua mkono gizani kuona kama bado unainuka. Mara ishirini. Mke wangu anaushika anauweka chini.

MwalimuLanet · #16

Mapovu usiyaogope, mimi nimepigwa. Wanachanganya maji ya chumvi na hewa kidogo sana kwa bomba mbili za sindano mpaka yanakuwa na vipovu vidogo mno, wanaingiza kwenye mshipa wa mkono huku eko inatazama. Vipovu vinaingia upande wa kulia wa moyo, na kwa kawaida vinaishia kwenye mapafu. Wanakwambia ujikaze kama unayesukuma choo. Kama vinavuka kwenda upande wa kushoto, una kitundu kati ya pande hizo mbili.

Kitundu hiki kila mtu alikuwa nacho tumboni mwa mama. Mtoto hapumui humo, damu inakatiza bila kupitia mapafu. Ukizaliwa kinajifunga. Kwa mtu mmoja kati ya wanne hakifungi kabisa, kinabaki kama mlango wa jiko usiogusa fremu. Wengi wanaishi nacho mpaka uzeeni bila kujua. Mimi nilikuwa na miaka 31, ninafundisha hesabu, kiharusi kikanikuta nikiandika ubaoni, chaki ikashuka ukutani ikichora mstari. Vipovu vyangu vilivuka kama wanafunzi waliosikia kengele.

Walikiziba kwa kifaa kinachopitishwa kwenye mshipa wa paja, sikupasuliwa kifua. Familia iliuza ng'ombe wawili na kipande cha Njoro. Sijui kama nina furaha au nina deni. Vyote.

Tabibu_Kijana · #17

Mwalimu ameeleza vizuri kuliko mimi. Niongeze breki: kwa kuwa mtu mmoja kati ya wanne ana kitundu, kukikuta hakumaanishi ndicho kilichofanya. Kwa mtu wa miaka 70 mwenye presha na sukari, kitundu mara nyingi ni mpita njia aliyekutwa kwenye eneo la tukio. Kwa kijana asiye na ugonjwa mwingine, anashukiwa sana. Utafiti wa Ufaransa uliotoka 2017, wagonjwa wa miaka 16 hadi 60 wenye vitundu vya kutia shaka: waliozibwa 238, hakuna hata mmoja aliyepigwa tena katika muda wa takriban miaka mitano, 235 waliobaki na vidonge, 14 walipigwa. Ndiyo maana kwa umri wako, Fundi, kipimo kina maana. Nenda.

NesiWaZamu · #18

Na kuhusu usiku. Fundi, hofu baada ya kiharusi ni sehemu ya kiharusi, na huzuni pia. Mwambie daktari wa kliniki hiyo ya mara ishirini. Usimwambie nusu. Ikihitaji dawa itapewa dawa.

Nunua kipima presha, au kama hela haipo, pitia zahanati mara moja kwa wiki upimwe ukiwa umekaa na kupumzika, uandike kwenye daftari. Presha sawa wodini si presha sawa maisha yote. Na mke wako asiogope chumvi mpaka chakula kishindwe kulika. Apunguze, basi. Wengi waliofungwa chumvi kabisa niliwakuta wanakula chipsi za kando ya barabara kwa siri.

Mulembe77 · #19

Mimi ni mmoja wao.

FundiWaKibuye · #20 · wiki tatu baadaye

Mapovu yamepigwa. Hayakuvuka hata moja. Nilijikaza mpaka yule bwana wa mashine akaniambia inatosha mzee, utaharibu kitanda.

Vipimo vya damu kuganda pia vimerudi, safi. Daktari alikaa na faili langu lote, akalipitia ukurasa kwa ukurasa mbele yangu. Akaandika tena: sababu haijulikani. Neno lilelile. Nikamwuliza kuna tofauti gani na la Januari. Akasema la Januari lilikuwa la kukata tamaa mapema, hili tumelifanyia kazi. Tabibu, nilikukumbuka.

Tunaendelea na aspirini, kolesteroli, presha kila Ijumaa, holta nyingine baada ya miezi sita. Kama mwizi atarudi angalau taa imewashwa.

Mjomba amekuja Jumapili. Nikamwambia majibu. Akafikiri, akasema, "Kwa hiyo hata wao hawajui." Nikasema, "Hawajui. Hata wewe hujui." Akacheka, akaomba chai. Sijui amekubali nini hasa.

Usiku sasa nauinua mara tatu au nne.

SopranoWaFreeArea · #21

Mara tatu ni chache. Mimi nilikuwa naimba kimoyomoyo mistari yote ya wimbo mmoja kuhakikisha maneno yapo. Nilipofika mistari ya mwisho nilikuwa nimelala.

Mulembe77 · #22

Fundi, umerudi kibandani? Nani anakata nguo?

FundiWaKibuye · #23

huu nachapa mwenyewe kwa kushoto. binti ameenda shule

nakanyaga cherehani sawa. kushona nashona, polepole. kukata ndio shida. mkono wa kulia hauna nguvu na mkasi wa kawaida kwa kushoto hauumi nguo, unaitafuna tu. nimeharibu kaptula mbili

nani anajua wapi napata mkasi wa shoto. wa nguo, mkubwa. kisumu nimezunguka sufuria zote

maduka. nimezunguka maduka

SopranoWaFreeArea · #24

Hapa Nakuru kuna fundi mwenye shoto tangu kuzaliwa, ndiye anayeshona majoho ya kwaya yetu. Ana mikasi miwili. Nimemwuliza sasa hivi, mmoja anauachia, inchi tisa, umenolewa. Utapanda matatu ya kesho asubuhi. Nitumie kwa faragha jina la kibanda na namba ya muuza vitenge.